Siku kumi hazingoji kopi: mdogo wangu amefungwa maisha kwa kisu ambacho hakukishika

SWALI

Jambo kwenu mnaoandika safu hii.

Mimi ni yaya, yaani mkubwa, wa kijana wa miaka 20, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Jumatatu hii mdogo wangu amehukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua. Yeye hakuua. Lakini siwezi kusema hakuwapo. Alikuwapo, na hapo ndipo kichwa kinaniuma.

Ilikuwa Jumamosi usiku, mwaka jana. Rafiki yake mmoja alikuwa ameibiwa simu, akasikia kwamba kijana fulani ndiye anayo na kwamba yuko kwenye nganda (baa) moja ya mtaani. Wakaenda wanne. Mdogo wangu anasema walienda kudai simu, na kama angekataa, wampige. Walipofika, maneno yakawa makali, ngumi zikaanza. Mdogo wangu alimvuta yule kijana shati, akampiga makofi mawili. Ndipo mmoja wao akachukua kisu mezani kwa mchoma michopo (nyama choma), akamchoma yule kijana ubavuni, mara moja. Wote wakakimbia. Yule kijana alifia njiani kwenda hospitali. Mungu ampokee, mama yake ninamjua, tunasali parokia moja.

Mdogo wangu alikamatwa kesho yake asubuhi, nyumbani. Alikaa kwa polisi siku sita kabla ya kupelekwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), bila avoka (wakili). Alitia saini PV (karatasi ya maelezo yake) iliyoandikwa Kifaransa, na Kifaransa chake ni cha darasa la sita. Mbele ya majaji ilisomwa kwamba alisema: «Nous sommes partis en finir avec lui», yaani tulienda kummaliza. Yeye anaapa kwamba alisema «tulienda kumalizana naye», maana yake kumaliza ile habari ya simu.

Majaji wamesema wote wanne walikuwa na nia moja. Aliyechoma kapewa kifo, wengine watatu maisha. Avoka alikuwa mmoja kwa wote wanne, na aliyemlipa ni familia ya yule aliyechoma.

Baba mdogo anasema tusikate rufaa, eti parke itaomba naye apewe kifo. Avoka anasema tungoje kwanza kopi ya hukumu ndipo aandike rufaa vizuri, na kopi labda itatoka mwezi ujao. Mtu mwingine ametuambia kwamba akipata dola 1500 anaweza «kupanga» huko juu. Je, mtu anaweza kufungwa maisha kwa kisu ambacho hakukishika? Na tuanzie wapi? Leo ni Alhamisi.

Yaya, Katuba

JIBU

Yaya, pole sana, wewe na mama yenu nyumbani. Tutaanza na jambo ambalo haliwezi kungoja, maana mengine yote yanalitegemea.

Usingoje kopi ya hukumu. Kode ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, ile dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, inampa aliyehukumiwa siku 10 za kukata rufaa. Kama alikuwapo kortini na kesi ilisikilizwa pande zote, siku hizo zinaanza pale hukumu inaposomwa. Siku ya kopi kutoka grefe (ofisi ya karatasi za korti) haiingii kwenye hesabu hiyo. Ilisomwa Jumatatu, ukianza kuhesabu Jumanne, leo ni siku ya tatu na ya kumi ni Alhamisi ijayo. Ninyi chukulieni kwamba mwisho wenu ni Jumatatu. Siku tatu za akiba ni za foleni, za grefye asiyekuwapo, za karatasi inayokataliwa kwa sababu ya herufi moja ya jina. Anayengoja mwezi ujao atakuwa na kopi nzuri mkononi na rufaa iliyokufa.

Tena rufaa ya jinai haihitaji sababu siku ya kuiweka. Ni tamko tu: fulani, aliyehukumiwa tarehe fulani katika kesi namba fulani, anakata rufaa dhidi ya hukumu hiyo katika vipengele vyake vyote. Sababu zitaandikwa baadaye na kusemwa mbele ya majaji wa rufaa. Maneno «vipengele vyake vyote» msiyaache, kwa sababu hukumu hii ina sehemu mbili, ya kifungo na ya fidia kwa familia ya marehemu. Mkitaja kifungo peke yake, fidia inaweza kubaki shingoni mwenu hata kijana akitoka.

Tamko linapokelewa katika grefe ya korti iliyotoa hukumu au katika grefe ya Korti ya Rufaa, hapo hapo Lubumbashi. Mkitaka avoka aliweke kwa jina la mdogo wako, ni lazima awe na prokirasyo maalum, yaani hati ya kumpa mamlaka, na hapa ndipo rufaa nyingi zinapoangukia kabla hata ya kusikilizwa. Karatasi ya kumkabidhi avoka kesi nzima kwa jumla haitoshi. Iandikwe kwamba anapewa mamlaka ya kukata rufaa dhidi ya hukumu hii hasa: namba ya kesi (RP), jina la korti, tarehe ya hukumu. Majina ya mdogo wako yawe kama yalivyo katika hukumu, hata kama nyumbani mnayaandika tofauti. Atie saini na kidole, na tarehe iwe ile ya tamko au ya kabla yake. Prokirasyo yenye tarehe ya kesho yake ni sawa na hakuna. Basi kesho Ijumaa avoka aende nayo gerezani, Jumatatu asubuhi awe grefe, na wewe ubaki na nakala ya tamko yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Gereza nalo lina grefe yake, na mdogo wako anaweza kuomba tamko lake lipokelewe huko pia. Afanye hivyo, ila msiitegemee njia hiyo peke yake. Kati ya gereza na korti karatasi inaweza kulala siku nyingi.

Sasa hofu ya baba mdogo. Si hofu ya bure, maana kode penali (sheria ya makosa na adhabu), katika kifungu cha 44, inaweka adhabu ya kifo kwa kuua kwa kukusudia, na majaji walifika kwenye maisha kwa sababu ya visababishi vya kupunguza adhabu, ambavyo kifungu cha 18 kinawaruhusu kuvitumia. Lakini angalieni jinsi mambo yanavyokwenda. Kama mdogo wako peke yake ndiye amekata rufaa, korti ya juu haiwezi kumwongezea adhabu. Inaweza kuiacha, kuipunguza au kumwachia. Kinachoweza kuipandisha ni rufaa ya parke yenyewe, na parke ina miezi mitatu yake, haihitaji ruhusa yenu wala haingoji mwanze ninyi. Mkikaa kimya, parke bado inaweza kwenda, na mtakuwa mmefika mbele ya majaji wa rufaa bila rufaa yenu. Na msijifariji kwamba siku hizi hakuna anayenyongwa: waraka wa Wizara ya Sheria uliotangazwa Machi 2024 uliondoa kusitishwa kwa utekelezaji kulikokuwapo tangu 2003. Kwa hiyo kukaa kimya hakumkingi mtu yeyote.

Kuhusu avoka. Hatusemi ni mtu mbaya. Tunasema hawezi kumtetea mdogo wako sawasawa huku anamtetea aliyechoma, hata angekuwa bingwa wa jiji zima. Ulinzi wa mdogo wako utasimama juu ya sentensi moja: kisu kilikuwa uamuzi wa mtu mmoja, wa ghafla, na sisi wengine hatukuujua. Kwa mdogo wako sentensi hiyo ni wokovu, na kwa aliyechoma ni mzigo. Avoka mmoja hawezi kuisema kwa mdomo huo huo, ndiyo maana pengine haikusemwa kabisa. Ukisoma karatasi za kikao utaona kama aliwahi kuuliza hata swali moja kuhusu kisu kilitoka wapi.

Tafuteni avoka wake peke yake. Kama pesa hakuna, baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure. Mwandikieni batonye, mkuu wa baraza hilo, kuomba mtu ateuliwe, mkiambatanisha hati ya kutokuwa na uwezo mliyopewa na ofisi ya maendeleo ya jamii ya komuni. Hati hiyo hiyo mtaitumia grefe kuomba msipewe mzigo wa gharama za nakala. Avoka mpya akichelewa, wa zamani aweke tamko la rufaa hata hivyo. Kubadili mtetezi baada ya tamko kunawezekana. Kufufua siku iliyopita hakuwezekani.

Tuje kwenye swali lako lenyewe: mtu anaweza kufungwa maisha kwa kisu ambacho hakukishika? Ndiyo, sheria inaruhusu. Lakini inaruhusu kwa masharti, na masharti hayo yanapimwa kwa kila mtu, kichwa kwa kichwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema dhima ya jinai ni ya mtu binafsi, na kwamba hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mwingine. Kode penali nayo, katika kifungu cha 21, inawahesabu kuwa watendaji wale waliotekeleza kosa au walioshirikiana moja kwa moja kulitekeleza, wale waliotoa msaada ambao bila huo kosa lisingewezekana, na wale waliolichochea moja kwa moja. Kwa hiyo parke inapaswa kuonyesha vitu viwili juu ya mdogo wako: tendo lake katika kuua, na nia yake ya kuua. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Kwanza tendo. Kuwapo si tendo. Kwenda pamoja, kusimama karibu, kutozuia, kukimbia pamoja: hakuna kati ya haya ambacho peke yake ni kuua. Kukimbia na kumwacha majeruhi chini ni jambo zito mbele ya Mungu na linaweza kuwa na jina lake kisheria, lakini haligeuki kuwa kuua. Na lililofanywa baada ya kisu halithibitishi kilichokubaliwa kabla ya kisu.

Shati ndilo linalotutia wasiwasi, na tunakuambia wazi ili msije mkashtushwa kikaoni. Mtu anayemshika mwenzake wakati mwingine anachoma, kwa macho ya majaji, ameshirikiana moja kwa moja. Kwa hiyo swali la kesi hii ni la sekunde chache: kisu kilipotokea, mkono wa mdogo wako ulikuwa bado kwenye shati, au alikuwa ameshaachia? Alikuwa mbele ya marehemu au ubavuni? Aliyechoma alitokea upande gani, na mdogo wako angeweza kumwona? Taa ilikuwa wapi? Mchoma michopo, mwenye nganda, waliokaa meza ya jirani, wote wanaweza kujibu, na Korti ya Rufaa inaweza kuwasikiliza hata kama hawakuitwa mwanzo. Mtafute kila mmoja sasa, uandike jina na anwani. Usimfundishe la kusema. Shahidi aliyefundishwa huanguka kwa swali la pili, na anaanguka na mliyemleta.

Kisha nia. Majaji hawaoni ndani ya moyo, wanaisoma nia katika vitu vya nje: silaha gani, sehemu gani ya mwili, mapigo mangapi, maneno gani yalisemwa. Vitu vyote hivyo katika barua yako vinamhusu aliyechoma. Kwa mdogo wako kuna makofi mawili na shati lililovutwa, na makofi hayasemi kuua. Ili nia ya mmoja iwe nia ya wote, ni lazima ionekane kwamba wengine waliijua na kuikubali kabla ya kisu kuingia au kinapoingia. Hapo ndipo meza ya mchoma michopo inapokuwa ushahidi mkubwa kuliko hotuba yoyote. Kisu hakikutoka nyumbani. Hakuna aliyekibeba mfukoni kutoka Katuba huku wenzake wakijua. Kilikuwa cha mtu mwingine, kwenye meza ya nyama, na kilichukuliwa katikati ya ugomvi. Vijana waliokubaliana kuua hawaendi mikono mitupu wakitumaini watakuta kisu cha nyama. Basi mwenye kisu aitwe aseme ni chake, kilikuwa wapi, na kilichukuliwa baada ya nini. Ikiwa hukumu imetaja kuua kwa kupanga, yaani kifungu cha 45, jambo hilo hilo linabomoa mpango.

Ombeni pia ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili. Kidonda kimoja, hakuna alama nyingine kubwa za kipigo: hiyo inakubaliana na kisa cha mdogo wako. Kama kuna majeraha ya kichwa au mbavu zilizovunjika, avoka ajue mapema, kwa sababu maelezo ya «makofi mawili» hayatasimama, na mdogo wako aulizwe ukweli kabla majaji hawajamuuliza.

Sasa lile neno. Tumelisoma barua yako mara kadhaa na tunaamini kesi yenu imekaa hapo. «Kumalizana na mtu» kila mtu wa hapa anajua ni nini: deni, ugomvi, maneno ya ndoa, watu wanakaa wanamalizana. «Kummaliza mtu» ni kumwua. Herufi chache zinatenganisha mambo hayo mawili, na Kifaransa cha «en finir avec lui» kimeangukia upande wa pili. Aliyeandika PV si lazima awe alikuwa na nia mbaya. Alisikia haraka, akaandika haraka. Lakini hukumu ya nia moja ikijengwa juu ya sentensi hiyo, imejengwa juu ya tafsiri.

Avoka afanye mambo matatu kuhusu PV hiyo, na ayafanye mwanzoni kabisa mwa kikao, kabla ya kuingia katika kiini cha kesi, maana pingamizi za utaratibu zikichelewa husemwa zimepitwa. Moja, kwamba kifungu cha 18 cha Katiba hakiruhusu mtu kukaa kwa polisi zaidi ya saa 48, na kinadai aambiwe sababu za kukamatwa kwa lugha anayoielewa. PV ya siku gani hii, ya kwanza au ya tano? Tarehe imeandikwa juu yake. Mbili, kwamba kifungu cha 19 kinampa haki ya kusikilizwa mbele ya avoka hata katika uchunguzi wa polisi: je, PV inaonyesha aliambiwa haki hiyo? Tatu, kwamba hakuna mkalimani aliyetajwa, au kama ametajwa, hakuna saini yake. Kama alipigwa ili asaini, aseme, na aseme nani, lini, wapi, na nani aliyaona majeraha. Kuna sheria ya Julai 2011 inayofanya mateso kuwa kosa. Kama hakupigwa, asiseme alipigwa. Uongo mmoja hapo utaifunika kweli yote ya neno «kumalizana».

Tusikudanganye: siku sita kwa polisi peke yake hazimtoi mtu gerezani. Majaji wako huru kupima PV ya polisi, nao mara nyingi hutazama kama mtu alirudia maneno yale yale mbele ya mwanasheria wa parke. Ndiyo maana PV ya parke ni muhimu kuliko ya polisi. Kama kule alisema «kudai simu», majaji wa kwanza walipaswa kueleza kwa nini wameamini ya kwanza na kuiacha ya pili. Na mbele ya Korti ya Rufaa mdogo wako aseme Kiswahili. Katiba inakitaja katika lugha nne za taifa. Aombe mkalimani, na avoka aombe neno «kumalizana» liandikwe kama lilivyo katika karatasi ya kikao, pamoja na maana yake. Asijikaze na Kifaransa cha darasa la sita ili aonekane amesoma.

Kopi ya hukumu ikitoka, isomeni mkiwa na kalamu. Pigeni mstari kila palipoandikwa «wao», «wote», «washtakiwa». Kisha tafuteni jina la mdogo wako peke yake: limetajwa mara ngapi, na kwa tendo gani? Kifungu cha 21 cha Katiba, si kile cha kode penali chenye namba hiyo hiyo, kinataka kila hukumu iwe na sababu. Hukumu inayosema wanne walikuwa na nia moja bila kuonyesha nia ya huyu mmoja imetokea wapi ina shimo, na shimo hilo ni sababu ya rufaa yenye nguvu. Chukueni pia nakala za karatasi za vikao. Huko ndiko mtakuta majibu ya washtakiwa wenzake. Kama mmoja wao alisema «tulipanga sote», kumbukeni kwamba mshtakiwa mwenza haapishwi na ana sababu ya kugawa mzigo. Avoka aulize ni nini kingine kinachomuunga mkono.

Mpangilio wa maombi nao una uzito. Tungeomba hivi, kwa ngazi. Ngazi ya juu: hakushiriki kuua, aachiwe kwa kosa hilo. Chini yake: alikubali kipigo, basi ahukumiwe kwa kipigo, na aliyetoa kisu amepita makubaliano. Majaji wakiona kipigo na kifo haviachani, kifungu cha 48 kinahusu majeraha yaliyosababisha kifo bila nia ya kuua, na adhabu yake ni miaka 5 hadi 20. Chini zaidi: kama wanaona alisaidia, basi awe msaidizi wa kifungu cha 22, si mtendaji, na kifungu cha 23 kinasema kosa linapokuwa la kifo au maisha, msaidizi anapewa miaka 10 hadi 20. Mwisho kabisa, visababishi vya kupunguza adhabu: umri, hana rekodi, alikamatwa nyumbani bila kutoroka. Utaona kwamba hata ngazi ya msaidizi inatofautiana na maisha kwa mbali. Ila ngazi hizi zinavunjika mtu akisema leo «sikuwapo» na kesho «nilikuwapo lakini». Mdogo wako alikuwapo. Abaki hapo hapo tangu mwanzo hadi mwisho, makofi mawili na shati vikiwemo.

Swali moja ambalo hukuliuliza: umesema ana miaka 20, na jambo lilitokea mwaka jana. Hakikisha kwa cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo alikuwa na umri gani siku ile. Tunadhani alishapita 18, lakini kama kuna makosa ya tarehe na hakuwa ametimiza, sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inampeleka kwa korti ya watoto, na hesabu yote inabadilika. Vivyo hivyo kwa hao wengine wawili. Waambie familia zao.

Mtu wa dola 1500 mwambieni hapana, na msibaki mkizungumza naye. Ni hongo, ni kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea, na kwa kawaida pesa hiyo haifiki popote zaidi ya mfuko wake. Mbaya zaidi, watu wanaoamini jambo «limepangwa» huacha kufuata tarehe.

Na tarehe ndizo kazi yako ya miezi ijayo. Baada ya tamko, faili hutoka korti ya kwanza kwenda Korti ya Rufaa na kupewa namba mpya ya rufaa (RPA). Faili isiyoulizwa inaweza kulala. Pita grefe kila wiki mpaka uione namba hiyo, kisha uulize tarehe ya kikao, na siku mbili kabla uhakikishe kwamba hati ya kumtoa mfungwa imefika gerezani. Mfungwa asipoletwa, kikao kinaahirishwa. Wakati huo wote atabaki ndani. Rufaa inazuia hukumu kuwa ya mwisho, haimfungui aliyekuwa amefungwa. Anaweza kuomba kuachiwa kwa muda, lakini kwa kosa la namna hii msiweke matumaini hapo.

Kuhusu mama wa marehemu. Kama mnataka kwenda kumpa pole, nendeni kwa ajili ya pole, pamoja na mzee wa familia au padri, wala msimwombe aandike karatasi yoyote. Msamaha wake hauzimi kesi, kwa sababu kesi ya kuua ni ya parke. Unaweza kusikika katika kupunguza adhabu, lakini ukiletwa na yeye mwenyewe kwa hiari yake. Msamaha uliolazimishwa utasemwa kikaoni, na utamwumiza mdogo wako.

Korti ya Rufaa ikikataa, kuna Korti ya Kasasioni, Kinshasa. Muda wake ni siku 40, na yenyewe haisikilizi tena mashahidi, inatazama tu kama sheria ilifuatwa. Maana yake, lolote kuhusu kisu, shati na lile neno lisilosemwa na kuandikwa Lubumbashi halitapata mahali pa kusemwa huko. Kwa hiyo kesho, avoka akiwa gereza la Kasapa na prokirasyo, amwombe mdogo wako asimulie usiku ule tangu walipotoka Katuba, kwa Kiswahili, bila kukatizwa, na ayaandike maneno kama yalivyotoka mdomoni.